Muulize Fundi: Jiko na bafu Marekani, kibali kinaanzia wapi?

Mwezi huu barua zenu zimefanana mpaka nikadhani mmekaa kikao. Wengi mnaoniandikia mko Marekani, mmenunua nyumba ya kwanza, na nyumba ambayo mfuko wetu unaifikia huku huwa ishakula chumvi, jiko la enzi za babu, bafu lina vigae vya pinki, sasa mnataka kulifumua na swali ni lile lile: niende jiji kuomba kibali (pamiti kama tunavyoiita huku) au nifanye kimyakimya? Nimechukua barua nne. Nyingine nimejibu kwa kirefu, nyingine kwa kifupi, msinihesabie mistari.

*Shikamoo fundi. Tuko Columbus, Ohio, nyumba tumenunua mwaka jana. Makabati ya jikoni milango inaning'inia na kaunta imevimba kwa maji. Nataka makabati mapya, kaunta ya granaiti, vigae ukutani, sinki jipya, na rangi. Shemeji yangu anasema hata ukipaka rangi bila kibali jiji wanakupiga faini. Mume wangu anasema shemeji anapenda kutisha watu. Nani mkweli? Mama Watatu*

Marahaba mama. Leo ushindi mpe mumeo, ila asishangilie sana, ntakwambia kwa nini.

Majimbo mengi ya huku kanuni zao za nyumba za kuishi zimetoka kwenye kitabu kimoja kinaitwa International Residential Code, mafundi tunasema IRC. Kila jimbo linakichukua na kukipunguza au kukiongeza linavyotaka, na mji nao unaweka chumvi yake, ndo maana siku zote nasema pigia ofisi ya ujenzi ya mji wako, simu ya dakika tano tu. Lakini humo ndani kuna kifungu R105.2 kinachotaja kazi ambazo hazitaki kibali, na zimeandikwa waziwazi: kupaka rangi, kubandika karatasi ukutani, vigae, kapeti, makabati, kaunta na umaliziaji mwingine wa namna hiyo. Kuziba bomba linalovuja au kuzibua sinki nako hakuna anayekuuliza. Kwa hiyo kwenye orodha yako karibu vyote viko salama, na sinki pia kama linarudi palepale kwenye mabomba yaleyale.

Mi huwa nawaambia wateja hivi: nyumba ina nguo na ina mishipa. Ukiibadilisha nguo ni shauri lako, hata ukichagua kijani kikali shauri lako. Ukigusa mishipa, yaani maji, umeme, gesi, au mifupa inayobeba paa, hapo unaingia tieta (chumba cha upasuaji) na tieta ina utaratibu wake.

Sasa kwa nini nimesema mumeo asishangilie. Jiko huwa linaanza na makabati, halafu siku ya pili mtu anasimama katikati ya chumba kitupu anasema, hivi kwa nini jiko la gesi lisihamie upande wa dirishani, na hapa tuongeze soketi ya airfryer. Hiyo sentensi moja imeshakuvusha mpaka. Gesi ikihamishwa inataka kibali, waya mpya ukipita ukutani unataka kibali. Na sio kwamba wanakuonea, umeme wa jiko la huku una masharti yake: kaunta inatakiwa ihudumiwe na laini angalau mbili za ampea 20, na soketi zipangwe hivi kwamba popote utakapoweka birika pasiwe mbali na soketi zaidi ya futi 2, na ziwe na kinga ya GFCI, mara nyingi ndo zile zenye vitufe viwili katikati ambazo maji yakiingia zinakata umeme zenyewe. Nyumba za zamani nyingi zina laini moja inayobeba kila kitu. Ukiwasha maikrowevu na birika pamoja ukasikia *ta!* na giza, ujue unaishi na hiyo hali tayari. Kwa ushauri wangu, kama makabati yanatoka yote, ndo wakati wa kumwita fundi umeme na kuchukua kibali cha umeme peke yake, kwa sababu ukishafunga kaunta ya granaiti na vigae juu yake hutakuwa na moyo wa kuvunja tena.

*Fundi mambo. Nipo Houston. Bafu letu lina lile beseni la kulala ambalo hakuna anayelala. Mama mkwe anakuja kutoka Tanga na magoti yake hayamruhusu kuvuka ule ukingo, nataka tuling'oe tuweke shawa ya kusimama. Kuna jamaa anasema kazi ya siku tatu, kesh, eti Texas hakuna leseni ya kontrakta na Houston haina hata zoning so kibali cha nini, na jiji wakisumbua nikachukue kwa jina langu. Nimwamini? Mkwe Mwema*

Poa kaka. Huyo jamaa kachukua kweli mbili akafungia humo uongo mmoja.

Kweli ya kwanza, Texas kama jimbo haitoi leseni kwa kontrakta wa jumla, yule wa kusimamia kazi yote. Kweli ya pili, Houston inajulikana Marekani nzima kwa kutokuwa na zoning. Ila zoning inahusu kitu gani kikae wapi, baa isiwe jirani na nyumba ya watu, hayo mambo. Kibali cha ujenzi kinauliza swali lingine kabisa: hiki ulichojenga kitaunguza watu, kitawaangukia, kitawafanya wanywe maji machafu? Houston wana ofisi ya vibali na ina foleni kama ofisi yoyote. Na hata hapo kwenye leseni kaacha nusu ya habari, maana fundi bomba Texas ana leseni ya jimbo, kuna bodi nzima inaitwa Texas State Board of Plumbing Examiners, na fundi umeme naye anapewa na TDLR, idara ya leseni ya jimbo. Mwombe namba yake ya leseni ya bomba uone kama hatakumbuka ana msiba.

Kutoa beseni kuweka shawa watu wanaona ni kubadilisha chombo tu. Sio. Tundu la kutolea maji la beseni liko kichwani kwa beseni, la shawa kawaida liko katikati, so bomba linahama chini ya sakafu. Halafu mara nyingi bomba la beseni ni inchi 1 na nusu wakati shawa inataka inchi 2. Koki nayo iko ndani ya ukuta, inabadilika, na koki ya shawa siku hizi inatakiwa iwe ile inayojizuia maji yasizidi nyuzi 120 za Fahrenheit, kama 49 za kwetu. Hii ya koki kwa mama mkwe usiipuuze. Nyumba yenye koki ya zamani mtu akivuta maji chooni, aliyeko bafuni anapata maji ya chai mgongoni, na mtu wa magoti mabovu akiruka ndo unampeleka ER (chumba cha dharura hospitali).

Sasa ngoja nikuoneshe huyo inspekta wa jiji mnayemkimbia anafanya nini. Zamani nilipokuwa bado wa kubeba ndoo kwa fundi mmoja tulijenga shawa, tukatandika lile turubai la plastiki linalokaa chini ya vigae, vizuri kabisa, bosi akapiga picha. Inspekta akaja, mzee mmoja hana maneno. Akaziba tundu la maji kwa kiputo cha mpira, akajaza maji mpaka yakafika inchi 2 kwenye kizingiti, akachomoa penseli nyuma ya sikio akachora kamstari pale maji yalipoishia. Halafu akaenda nje kuongea na simu. IRC inataka maji yasimame hivyo dakika 15 bila kuvuja. Aliporudi maji yalikuwa yameshuka chini ya mstari kama upana wa ukucha. Ukucha tu! Bosi akaanza kusema ni mvuke. Mzee akamwangalia tu. Tukafumua, tukakuta pini moja ya stepla imepigwa chini sana, kitundu ambacho hata sindano ingepita kwa shida. Siku mbili za kazi zimepotea, lakini piga hesabu kama tungefunika na vigae: kila mtu akioga kijiko kimoja cha maji kinaingia kwenye mbao, mwaka wa pili dari ya chini inaota doa la kahawia, mwaka wa tatu unakanyaga sakafu inabonyea. Yule bosi hapo angekuwa kashabadilisha namba ya simu.

Ndo maana ukaguzi unafanyika mara mbili au zaidi, kwanza wakati ukuta bado uko wazi mabomba na waya vinaonekana, halafu mwisho kila kitu kikiisha. Mtu anayekwambia siku tatu hana nafasi ya mtu kuja kuangalia ukuta uko wazi, na nadhani hilo ndo analolipenda.

Hiyo ya kukutuma wewe ukachukue kibali kwa jina lako ndo imenikera zaidi. Sehemu nyingi mwenye nyumba anayeishi humo anaruhusiwa kujichukulia kibali akafanya mwenyewe, hamna shida. Lakini anayekichukua ndo anayebeba dhamana ya kazi. Yeye ale hela, wewe ubebe lawama. Mwambie akiwa na leseni achukue mwenyewe, bei ya kibali aiweke kwenye mkataba, basi.

Na kabla hawajafunga ukuta, waambie waweke ubao wa inchi 2 kwa 6 ndani, usawa wa kiuno, pande mbili. Leo unaweza usifunge vyuma vya kushikilia, ila mama akishafika utavifunga kwa dakika kumi na vitashika, sio vile vya kubandika kwa vinyonyeo vinavyong'oka na mtu.

*Jambo fundi. Mimi niko Mkongo wa Bukavu, niko hapa Louisville, Kentucky. Tulinunua nyumba ya 1962. Bibi yangu anataka tutoshe ule ukuta wa katikati ya jikoni na saloni (sebule) juu wageni wakikuja siku ya yenga (Jumapili) anabaki peke yake kule kwa masufuria. Ndugu wa kanisa wako tayari kuja na nyundo siku moja tunamaliza. Lakini mwenzangu wa kazi anasema lazima ruhusa. Nyumba ni yangu, ninalipa kila mwezi, ruhusa tena ya nini? Papa Neema*

Jambo sana papa, na msalimie mama, ana haki ya kusikia hadithi saloni huku anasonga fufu.

Nyumba ni yako kweli. Ila paa halijui jina la kwenye hati. Ukuta wa ndani unaweza kuwa kizuizi tu cha kutenganisha vyumba, au unaweza kuwa ndo unaobeba dari na paa na ghorofa ya juu kama ipo, na kwa macho ya saloni inafanana yote miwili, rangi nyeupe na picha ya harusi. Panda juu darini na tochi. Angalia zile mbao ndefu zinazoshika dari zimelala vipi. Kama zinapita juu ya ukuta huo kwa kuukata, na hasa kama mbao mbili zinakutana na kupishana vichwa palepale juu yake, huo ukuta unabeba. Ukuta wa katikati ya nyumba unaokwenda na urefu wa nyumba ndo mshukiwa namba moja, na ukuta kati ya jiko na saloni kwenye nyumba za miaka hiyo ndo huohuo mara nyingi. Hiyo tochi lakini ni ya kukutia wasiwasi tu, jibu la mwisho anatoa injinia. Yeye anapiga hesabu boriti iwe nene kiasi gani, na nguzo mbili za pembeni zishuke mpaka kwenye msingi, maana uzito haupotei, unahamishwa tu, na watu wanasahau hilo wanaweka boriti nzuri halafu nguzo inakaa juu ya ubao wa sakafu mtupu. Ile michoro yake ndo unayopeleka kwenye ofisi ya vibali.

Na ukikuta ukuta haubebi bado usimwite mtu wa nyundo. Ukuta wa jikoni una waya ndani, na kama sinki liko upande huo basi kuna bomba linalopanda mpaka kwenye paa ambalo halipitishi maji, linapitisha hewa tu. Nimeshaona watu wamelikata wakidhani halina kazi. Hilo ndo pumzi ya sinki, ukilikata maji yakiondoka yanavuta na yale yaliyobaki kwenye kona ya bomba chini, na yale ndo yanayozuia harufu ya maji taka isipande. Nyumba inaanza kunuka na hakuna anayejua imeanza lini.

Kitu kingine, 1962. Rangi yenye risasi (madini ya ledi) ilipigwa marufuku kwenye nyumba za Marekani mwaka 1978, kwa hiyo yako unaichukulia inayo mpaka ipimwe. Tangu 2010 mtu yeyote anayelipwa kuvuruga rangi ya zamani hivyo, ndani ya chumba ikizidi futi za mraba 6, lazima awe na cheti cha EPA (shirika la mazingira la serikali ya Marekani) na afunike na kufagia kwa utaratibu wao. Ndugu wa kanisa hawalipwi, na nyumba ni yako, sheria hiyo haiwagusi. Vumbi linawagusa. Mtoto anayetambaa atapitisha mkono pale chini kisha mdomoni, na ledi kwa mtoto inakwenda kwenye ubongo. Kwa hiyo nyundo za kanisa ziwe za siku ya kupaka rangi na kubeba makabati, huko watasaidia kweli, wapikieni tu.

Ukishapata kibali usikiweke kwenye droo. Kwa IRC kazi isipoanza ndani ya siku 180, au ikisimama muda huo, kibali kinakufa na unaanza kulipa upya. Na usishangae inspekta akija kuangalia ukuta akageuka kutazama vidude vya kunusa moshi vyumbani, kazi ya ndani inayohitaji kibali inakuletea wajibu wa kuvikamilisha nyumba nzima. Nunua mapema.

*Sasa fundi. Tuko Arlington, Texas. Kitambo kidogo tulitengeneza kachoo kadogo pale chini ya ngazi, fundi alikuwa rafiki ya rafiki, hakuna permit hakuna nini. Sasa tunauza nyumba na agenti ametupatia fomu inauliza kama kuna kazi ilifanywa bila kibali. Tukinyamaza nani atajua? Wa Nakuru*

Salama wa Nakuru. Watajua wawili. Kwanza mkaguzi wa mnunuzi, yeye akiona choo chini ya ngazi hata kabla hajakaa anaanza kushuku. Pili, rekodi za kodi za kaunti zinasema nyumba ina bafu ngapi, tangazo lako litasema bafu mbili na choo, rekodi inasema mbili, mnunuzi yeyote mwenye simu ataona hilo pengo akiwa kitandani. Na hiyo fomu sio ya agenti, inatoka kwenye sheria ya Texas, Property Code kifungu 5.008, inauliza moja kwa moja kuhusu marekebisho yaliyofanywa bila vibali vilivyohitajika. Ukijua halafu ukaandika hapana umeshatoka kwenye makosa ya fundi umeingia kwenye kudanganya mnunuzi, na hiyo inakufuata hata baada ya kuuza.

Njia ziko mbili. Andika ukweli na bei ishuke kidogo, au uombe kibali cha baada ya kazi. Ofisi nyingi zinakubali, ila miji mingi inatoza ada mara mbili kwa kazi iliyoanza bila kibali, na inspekta anaweza kukwambia fungua hapa nione, kwa hiyo kama una picha za wakati ukuta uko wazi zitafute hata kwenye simu ya zamani iliyopasuka. Kama sakafu ni ya mbao, atakachotaka hasa kuona ni hizo mbao za chini. Ili bomba la choo lipite mara nyingi fundi anatoboa hizo mbao, na IRC inasema tundu lisizidi theluthi moja ya kimo cha ubao na lisikaribie ukingo wa juu au wa chini kwa chini ya inchi 2. Bomba la choo ni inchi 3 au zaidi. Rafiki ya rafiki aliyepewa ubao mfupi na bomba nene, unajua mwenyewe alifanya nini na msumeno. Feni nayo, kama ipo, iwe inatoa hewa nje ya nyumba kabisa, sio inapumulia ndani ya uwazi wa ngazi.

Kabla hujapiga simu popote chukua tepu uingie humo. Kutoka katikati ya choo mpaka ukuta wa pembeni kila upande iwe inchi 15 au zaidi, mbele ya choo pawe na inchi 21, na hapo unaposimama mbele yake kimo kifike futi 6 na inchi 8, chini ya ngazi hapo ndo wengi wanaangukia. Ukikuta vipimo viko sawa, nenda kaombe kibali, una nafasi nzuri. Ukikuta 13 kwa 18 na kichwa kinagonga, hakuna karatasi itakayopanua huo ukuta, mwambie agenti leo kabla hajaleta mpiga picha, na kwenye tangazo paandikwe stoo.